Tiketi ya Euro 9 na Usiku Mmoja wa Warnemünde

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Machi 2022, viongozi wa vyama 3 vilivyounda serikali ya Ujerumani walikesha mjini Berlin wakitafuta namna ya kuwapunguzia wananchi makali ya bei. Vita vya Ukraine vilikuwa vimetimiza mwezi mmoja, na gesi, umeme na mafuta vilikuwa vimepanda kwa kasi iliyowatisha hata wenye mishahara ya uhakika. Asubuhi walitoka na orodha ya hatua. Mojawapo ilikuwa kupunguza kodi ya mafuta ya magari, takriban senti 35 kwa lita ya petroli. Nyingine iliwalenga wapandao mabasi na treni: kwa miezi 3, mtu yeyote angeweza kusafiri kwa basi, tramu, treni za mjini na treni za mikoani, nchi nzima, kwa euro 9 kwa mwezi. Bunge lilipitisha sheria yake tarehe 19 Mei, baraza la majimbo likaikubali kesho yake, na tarehe 1 Juni tiketi ikaanza kutumika. Tangu wazo litamkwe hadi abiria wa kwanza kupanda, wiki 10 hazikutimia.

Mwaka ule nilikuwa mwanafunzi mjini Berlin, mtoto wa Tanga niliyekuwa bado nazoea baridi. Tangu nirudi nimekuwa nikiandika kuhusu miradi ya umma, nimekaa kwenye semina zake na kusoma ripoti zake, na bado mradi ninaourudia kila ninapotaka mfano ni ule wa tiketi ya euro 9. Siurudii kwa kuwa ulifaulu kote. Ulikwama mahali pengi, na nitapataja. Naurudia kwa sababu ulifanya jambo ambalo miradi mingi iliyoandaliwa kwa miaka hailifanyi: uliwaruhusu watu kutoka bila kupanga. Naamini hilo ndilo jaribio la haki la huduma ya usafiri. Kabla ya kuuliza imebeba wangapi, ulizeni kama kijana mwenye fedha za kubana anaweza kuamua Ijumaa alasiri kwamba anakwenda mahali fulani na wenzake, akaenda, akakesha huko, akarudi salama kesho yake.

Asiyewahi kuishi Ujerumani anaweza kudhani nchi ile yenye reli kila upande haikuhitaji mradi wa namna hii. Ilihitaji sana. Nauli za usafiri wa umma kule hupangwa na vyama vya nauli vya maeneo, na viko makumi kadhaa. Mfumo huu ulianzia Hamburg mwaka 1965, na wakati huo ulikuwa ukombozi, kwa kuwa abiria alipata kutumia tiketi moja kwa basi, treni na kivuko cha kampuni tofauti. Miaka ilivyokwenda kila eneo likajenga kanda zake, bei zake, masharti yake ya mtoto, mbwa na baiskeli. Ukivuka mpaka wa chama kimoja kuingia kingine unaanza upya. Mgeni husimama mbele ya mashine ya tiketi akiwa na fedha mkononi na asijue abonyeze wapi, huku treni inafunga milango.

Wajerumani wa umri wa makamo walituhadithia kwamba zamani kulikuwa na tiketi ya wikendi. Iliingia mwaka 1995 kwa mark 15, na watu hadi 5 waliweza kuzunguka nchi nzima kwa treni za mikoani Jumamosi na Jumapili. Bei yake ilipanda mara kwa mara, masharti yakabana, na mwaka 2019 ikaondolewa kabisa. Waliokuwa vijana wakati ule wanaikumbuka hadi leo kwa majina ya miji waliyoifikia bila kukusudia. Kwa hiyo tiketi ya euro 9 ilipokuja, ilikuta kiu ambayo tayari ilikuwa na historia.

Kwa sisi wanafunzi ilikuja bila hata kupanga foleni. Kadi ya usafiri tuliyokuwa tumekwisha kuilipia ndani ya ada ya muhula, ambayo kawaida mipaka yake ilikuwa Berlin na viunga vyake, ilitambuliwa nchi nzima kwa miezi hiyo 3. Hatukujaza fomu, hatukuombwa picha. Ulilala kadi yako ikiishia kwenye mpaka wa kanda, ukaamka inakufikisha baharini. Kwa mwanafunzi wa kigeni hili lilikuwa na uzito wa pekee. Mwaka ule ubalozi ulikutaka uthibitishe una euro 861 kwa kila mwezi wa kuishi kule, na ukishalipa chumba na bima ya afya, kinachobaki kinahesabiwa hadi kwenye mkate. Safari ya kwenda tu kuona mahali haikuwa kwenye hesabu. Niliwafahamu wenzetu waliokaa Berlin mwaka mzima bila kutoka nje ya kanda ya kadi yao, na waliporudi makwao wakaulizwa Ujerumani ikoje.

Ijumaa moja mwanzoni mwa Julai tulikuwa jikoni kwenye bweni, kila mmoja na sufuria yake. Joto lilikuwa limeingia hadi ghorofa yetu na madirisha hayakusaidia. Alikuwepo kaka mmoja wa Bukavu aliyekuwa anasomea afya ya jamii, mkubwa wetu kwa umri, ambaye Kiswahili chake na changu vilikuwa vimejenga undugu tangu siku ya kwanza. Alikuwepo dada kutoka Colombia, kijana wa Kerala aliyekuja kusomea uhandisi kwa mkopo wa benki ya kwao, na binti wa Kijerumani ambaye bibi yake aliishi kaskazini. Binti akasema katika joto kama hili watu wa kwao huenda Warnemünde. Mtu akauliza ni mbali kiasi gani. Karibu saa 3 kwa treni ya mikoani hadi Rostock, kisha dakika 20 hivi kwa treni ya mji. Pakawa kimya. Mimi nikaanza kutaja kazi ya Jumatatu, mahali pa kulala, chakula. Kaka wa Bukavu akafunika sufuria yake, akanitazama.

“Twende tu, mdogo wangu. Kama tukangoja kupanga, hatutatoka hapa.”

Tulitoka na mkate, nyanya, chupa za maji na koti moja kila mtu. Na hapo, kwenye jukwaa la kituo cha Gesundbrunnen, mradi wa serikali ukatuonyesha upande wake wa pili.

Treni iliingia ikiwa imejaa tayari. Watu walikuwa wamesimama kwenye ngazi za behewa la ghorofa, wamekaa juu ya mabegi, wameegemea mlango wa choo. Mhudumu alitangaza kwa sauti ya uchovu kwamba treni haitaondoka mpaka watu watoke milangoni, na kwamba wenye baiskeli washuke wote. Kijana mmoja aliyefunga hema kwenye baiskeli yake akabaki jukwaani na mwenzake akaenda. Bibi mmoja alikuwa na kigari chake cha kutembelea, wanaume wawili wakakipitisha juu ya vichwa vya watu hadi ndani, naye akafuata akiwa ameshikwa mikono. Kwenye kituo cha Oranienburg walikuwepo abiria wengine wengi wakingoja, miongoni mwao mama mwenye mtoto kwenye kigari. Mlango ulifunguka, akaona, hakujaribu hata kupanda. Nilitazama uso wake kwa sekunde chache mlango ulipokuwa unafungwa. Hakukasirika. Alikuwa mtu aliyezoea kuachwa na treni, na hilo liliniuma zaidi.

Magazeti yalikuwa yameshaandika hayo tangu wikendi ya Pentekoste, mwanzoni mwa Juni, pale treni za kuelekea Bahari ya Baltiki zilipofurika kwa mara ya kwanza. Wengi waliandika kwamba tiketi imekuwa nafuu mno. Niliposimama mule ndani mguu mmoja ukiwa juu ya begi la mtu, niliona jambo tofauti. Bei ilikuwa imetekelezwa kikamilifu, ila usafiri wenyewe haukuguswa. Serikali ya shirikisho ilitoa euro bilioni 2.5, na fedha hizo zilikusudiwa kufidia nauli ambazo kampuni na majimbo wangezikosa. Hazikununua behewa wala hazikumwajiri dereva. Hazingeweza. Tangu mageuzi ya mwaka 1996, treni za mikoani huagizwa na majimbo kwa mikataba ya miaka mingi, ikieleza treni ngapi zipite wapi na saa ngapi. Treni mpya huchukua miaka tangu kuagizwa hadi kufika relini, na dereva hufundishwa kwa miezi mingi. Mradi wa miezi 3 hauwezi kumshawishi yeyote kuagiza kitu kitakachofika mwaka wa nne. Majimbo yalilisema hilo mapema na kudai fedha zaidi za kuendeshea huduma, lakini tarehe 1 Juni ilikuwa imeshatangazwa, na tarehe ikishatangazwa hakuna mwanasiasa anayetaka kuirudisha nyuma.

Nimeliona hili mara nyingi mno katika miradi: kipengele kinachoweza kuamuliwa kwa kalamu hutekelezwa chote kwa siku moja, na kinachohitaji chuma, mafunzo na muda huachwa kijisimamie. Kisha anayelipa tofauti ni mhudumu wa treni na mama wa Oranienburg.

Baada ya Neustrelitz watu walipungua, tukapata kukaa, na nchi ya Mecklenburg ikafunguka dirishani: mashamba ya ngano, misitu ya misonobari, ziwa baada ya ziwa. Tulifika Rostock jua likiwa bado juu ya paa, na Warnemünde tukafika kabla halijazama, maana kule kaskazini mwezi wa Julai jua hushuka karibu saa nne usiku. Tulipita kando ya mfereji wa zamani wa wavuvi, tukanunua mikate ya samaki, tukaupita mnara wa taa uliojengwa mwaka 1898, tukatokea ufukweni.

Mimi nimekulia baharini, na sikutarajia bahari nyingine inishangaze. Ilinishangaza kwanza kwa upana wa mchanga wake, mweupe na laini, halafu kwa maji yenyewe. Niliyaonja. Chumvi yake haifiki nusu ya ile ya Bahari ya Hindi. Hakukuwa na maji kupwa wala kujaa kwa namna tunayoijua; bahari ilibaki palepale usiku kucha, na mimi usiku kucha nilikuwa nikiitazama nikingoja isogee.

Ufukwe ule umejaa viti vya kusukwa vyenye paa na kuta, ambavyo Wajerumani huviita Strandkorb. Vilianzia hapohapo. Mwaka 1882 fundi wa kusuka wa Rostock, Wilhelm Bartelmann, alitengeneza cha kwanza kwa ajili ya mwanamke aliyeugua baridi yabisi, Elfriede von Maltzahn, aliyetaka kukaa ufukweni bila kupigwa na upepo. Usiku hufungwa kwa mbao ili visitumiwe bila kulipiwa. Tulikaa nyuma ya safu moja, mgongo kwenye ususi, upepo ukatupitia juu.

Sitasimulia kila kilichosemwa usiku ule. Kaka wa Bukavu alieleza kwa mara ya kwanza kwa nini alichagua afya ya jamii, na ilikuwa habari ya kipindupindu, na ya dada yake. Kijana wa Kerala alisema mkopo wake umewekewa rehani ardhi ya baba yake, na kwamba kila mtihani anaoufanya anauona ule mpaka wa shamba. Dada wa Colombia aliimba kidogo, akaacha katikati, akasema nyumbani kwao bahari iko upande wa pili wa milima na mama yake hajawahi kuiona. Binti wa Kijerumani alisikiliza muda mrefu, kisha akasema amekuja ufukwe huu tangu utotoni lakini hajawahi kuuona usiku, kwa sababu daima kulikuwa na treni ya kuwahi. Meli za abiria zinazokwenda Gedser kule Denmark na Trelleborg kule Sweden zilipita na taa zake zote. Anga upande wa kaskazini haikuwa nyeusi kabisa wakati wowote. Kabla ya saa kumi na moja alfajiri jua lilikuwa limeshachomoza.

Tulikuwa tumeishi bweni moja karibu mwaka mzima. Tulikuwa tumekaa pamoja kwenye semina ya ujuzi wa kuishi na watu wa tamaduni nyingine, yenye slaidi, chai na cheti. Ofisi zinazotoa ufadhili wa masomo huweka jambo hilo kwenye malengo yao: kubadilishana uzoefu, kujenga maelewano kati ya mataifa. Ni lengo jema na ninaliheshimu. Lakini siwezi kusema lilitimia kwenye semina. Lilitimia pale, kwenye mchanga, na fedha zilizolifanikisha zilitoka kwenye mfuko wa kupambana na bei ya mafuta, ambao hakuna aliyeuandaa akituwazia sisi.

Asubuhi, binti akapendekeza tushuke Waren, mji ulio kando ya ziwa Müritz, tukamsalimie bibi yake. Kijiji chake hakiko mbali na kituo, kwa gari ni dakika chache. Kwa basi ilikuwa habari nyingine. Mabasi ya vijijini kule hufuata ratiba ya shule. Likizo zikianza mengi husimama, na likizo za jimbo lile zilikuwa ndiyo zimeanza. Jumamosi kulikuwa na basi la kuitwa kwa simu tu, na lazima liitwe mapema. Tulikuwa hatujaliita. Jirani akaja kutuchukua kwa gari lake, kwa safari mbili.

Bibi alitupikia viazi na mayai, akatuuliza mmojammoja jina la mama yake. Kisha akatuonyesha tiketi yake ya euro 9. Alikuwa ameinunua kituoni siku ya kwanza ya Juni, akanunua na ya Julai, kwa sababu alitaka kwenda Schwerin kwa ndugu yake. Hakuwa amekwenda. Kufika kituoni kulimtaka amsumbue jirani, na kurudi jioni kulimtaka amsumbue tena, naye alikuwa mwanamke asiyependa kusumbua. Alisema lakini ni vizuri kuwa nayo.

Tiketi 2 zile zimo kwenye takwimu. Zilihesabiwa katika zile milioni 52 zilizouzwa kwa miezi 3, nje ya wenye mikataba ya kudumu wapatao milioni 10 waliopata punguzo moja kwa moja. Kwa ripoti ya mauzo, bibi yule ni mafanikio mara mbili. Sisi, ambao hatukununua tiketi mpya hata moja, tulikuwa kwenye hesabu nyingine. Idara ya takwimu ya Ujerumani ilionyesha kwamba safari za treni za umbali wa kilomita 30 na zaidi zilikuwa nyingi kwa 42% Juni 2022 kuliko Juni 2019, kabla ya korona. Chama cha kampuni za usafiri wa umma kilikadiria kwamba safari 1 kati ya 10 ilichukua nafasi ya safari ya gari. Hapo ndipo wakosoaji walipoingilia. Walisema sehemu kubwa ya safari zile zisingefanyika kabisa bila tiketi, kwa hiyo hazikuokoa mafuta wala hewa chafu. Zilijaza treni tu.

Safari yetu ilikuwa ya aina hiyo hasa. Isingefanyika. Na hapa sikubaliani na wakosoaji kwa moyo wangu wote. Kuiita safari ya ziada ni kudhani kwamba maskini akikaa nyumbani hakuna kilichopotea. Mwenye gari hatakiwi kueleza kwa nini alikwenda baharini Jumamosi. Hakuna mtafiti anayemuuliza kama safari yake ilikuwa ya lazima. Mtu wa kipato cha chini akipata kwenda palepale, safari yake inawekwa kwenye safu ya gharama. Miaka mingi ya kubaki bweni, kubaki kijijini, kubaki kwenye kanda ya kadi, nayo ilikuwa gharama, ila haikuwa na safu ya kuandikwa.

Tiketi ilikoma tarehe 31 Agosti. Mrithi wake, tiketi ya Ujerumani nzima, ilikusudiwa kuja Januari 2023, ikachelewa kwa mabishano ya nani alipe, ikaanza tarehe 1 Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi. Shirikisho na majimbo walikubaliana kuchangia nusu kwa nusu, euro bilioni 1.5 kila upande kwa mwaka. Bei imepanda hadi 58 Januari 2025, na 63 Januari 2026. Bado ni mradi mkubwa, na watu zaidi ya milioni 10 wanautumia. Wanafunzi wamepata nafuu yao tangu muhula wa kiangazi wa 2024. Nauunga mkono.

Hata hivyo, waliouandika upya waliondoa kitu, na sidhani walikiona walipokuwa wanakiondoa. Tiketi ya euro 9 uliinunua kwenye mashine, kwa sarafu, ikatoka karatasi. Mrithi wake ni mkataba unaojirudia kila mwezi, unaokatwa kwenye akaunti ya benki, unaokaa kwenye simu au kadi, na ukitaka kuuacha lazima utoe taarifa kabla ya tarehe 10 ya mwezi huo. Kwa mfanyakazi anayepanda treni kila siku hilo si tatizo. Kwa bibi wa Müritz ni ukuta. Kwa mwanafunzi aliyefika wiki iliyopita, bado hana akaunti wala anwani iliyosajiliwa, ni ukuta pia. Huduma iliyokuwa inamsubiri mtu aamue sasa inamtaka aamue kwanza. Na mabasi ya kijijini bado yanafuata kengele ya shule.

Nikirudi kwetu, nina furaha ya kweli na treni yetu ya umeme. Tangu Julai 2024 mtu anatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa takriban saa 4, kwa shilingi 31,000 daraja la kawaida, na hadi Morogoro kwa 13,000. Nimewaona wazee wakishuka Dodoma wametulia, hawajavimba miguu. Kilichobaki ni kile kilichobaki Waren. Kituo cha Morogoro kiko Kihonda, nje ya katikati ya mji, na anayeshuka usiku anakutana na bajaji na bodaboda wanaotaja bei wanavyomwona. Wakenya waliliishi hili kabla yetu: treni yao ya Mombasa na Nairobi ilianza mwaka 2017, ikimshusha abiria Miritini upande mmoja na Syokimau upande wa pili, na kipande kile cha mwisho hadi mjini kikawa ndicho malalamiko ya kila msafiri. Tiketi yetu inahitaji kitambulisho na kiti maalumu, jambo ninalolielewa kwa treni ya mwendo ule. Sitaki mtu asimame mlangoni kwa kilomita 160 kwa saa.

Lakini pale Dodoma kuna Chuo Kikuu chenye maelfu ya vijana kutoka kila mkoa, na wengi wao hawajawahi kuiona milima ya Uluguru wala bahari. Ningeomba wapangaji wa ratiba wakae na kikundi chao kimoja, Ijumaa alasiri, mtihani ukiwa umekwisha, mfukoni wana fedha za chakula cha wiki, na wawasikilize wakijaribu kupanga safari ya kulala Morogoro na kurudi Jumapili. Waandike kila swali linalowazuia: kama viti vimekwisha tangu Jumatano, kama kuna bei ya kikundi, treni ya mwisho ni saa ngapi, nani atawatoa Kihonda saa tano usiku na kwa shilingi ngapi, kama msichana aliye peke yake anaweza kuungojea usafiri huo bila hofu. Maswali hayo yatajibiwa na ofisi tofauti, reli, halmashauri, mamlaka ya nauli, polisi, na kwa sasa sijaona ripoti inayoyaweka kwenye ukurasa mmoja.

Kaka wa Bukavu sasa yuko kwao, kwenye kazi ya chanjo. Mwaka jana alinitumia ujumbe wa sauti akisema wamepokea majokofu mapya ya kuhifadhia dawa, mazuri kabisa, yamefika wilayani kabla ya umeme. Akacheka, kisha akaniuliza kama yule bibi wa Müritz amewahi kufika Schwerin. Nilimwuliza mjukuu wake. Alifika, msimu wa joto wa 2023. Jirani alimpeleka kwa gari.